Kiko Wapi Mlichokitoa?

Mwanangu Minza,

Ingekuwa barua ya kawaida ningeanza kwa kuuliza habari za huko uliko, lakini huko uliko ni chumba cha pili, na habari zako nazisikia: unavuta zipu ya begi, inakwama, unaifungua, unaanza upya. Mimi nimekaa mezani karibu na dirisha. Wali uko kwenye mkaa unakauka, jua halijazama. Nimeshika kalamu kwa sababu mdomo wangu leo hauna msaada. Tangu asubuhi kila nikikuita nikuambie jambo la maana, najikuta nakukumbusha kandambili.

Basi ya kandambili tuyaache. Chandarua, funguo, wale vijana wa stendi wanaokimbilia mizigo ya watu, hayo umeyasikia mpaka umeanza kuyajibu kabla sijamaliza. Nina lingine. Nimefurahi, Minza. Nimefurahi mpaka naona haya kwa umri wangu. Leo sokoni nimemwambia muuza nyanya, mtu nisiyemjua hata jina, kwamba binti yangu anapanda basi kesho kwenda Dar es Salaam kusomea kazi ya kuunguza uvimbe ndani ya mtu bila kumpasua. Akanitazama, akasema, "Hongera mama. Sasa nyanya nikufungie ngapi?" Kwa furaha nikanunua nyingi kuliko tunavyoweza kula. Ukiona mchuzi wa leo mwekundu namna ile, ndiyo sababu.

Lakini jana, nikiwa uani napepeta mchele, nilikusikia ukimwambia baba yako, "Baba, naona niombe kuahirisha. Picha ya hospitali ya mama ni wiki ijayo. Ikitoka vizuri ndiyo niende." Baba yako akakohoa tu. Mimi nikaendelea kupepeta kama sikusikia. Jibu ninalo, ila ni refu, na ili ulielewe inabidi nikurudishe kwenye mambo unayoyajua, uyaone kutoka upande niliokuwa mimi. Upande wa kulala chali.

Ulikuwa ndiyo kwanza umekabidhiwa mashine ya utrasaundi pale hospitalini Geita, na kila mtu wa nyumbani ulitaka umlaze ujifunzie. Baba yako alikukimbia, akasema tumbo lake ni la kazi, si la kuchezewa. Mimi nikaja na kanga yangu, nikapanda kitandani kwa maringo, mama wa mtaalamu. Ukanipaka ile jeli ya baridi nikapiga kelele. Ukacheka: "Mama, utawakimbiza wagonjwa wa nje!" Ukaanza kunitembeza kama mgeni mjini. Hii figo. Hiki kifuko cha nyongo. Hili ini. Mimi nilikuwa naona mvua tu, lakini nikaitikia, ehe, ehe.

Kisha matembezi yakakatika.

Ulisogeza kile kifaa, ukakirudisha palepale, ukakikandamiza. Halafu ukaniuliza, "Mama, umekula?" Nikajua. Mtu mwenye habari njema haanzi kwa kukuuliza kama umekula.

Sitarudia safari za Mwanza na damu waliyonichukua. Uvimbe ulikuwa kwenye ini, mmoja, mdogo, kama karanga ikiwa bado kwenye ganda lake. Yule daktari wa Dar es Salaam alipoiona picha alimwambia baba yako, "Mshukuruni aliyeuona. Mngesubiri mpaka uanze kuuma tungekuwa tunazungumza mengine." Baba yako akajinyoosha pale kwenye benchi akasema, "Ni huyu binti yangu," na wewe ukaangalia sakafu. Nilitaka kusimama nipige vigelegele. Nilikuwa nimevaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, nikaona nitulie.

Siku ya sindano, hukohuko Dar es Salaam, nyinyi mlibaki nje, kwa hiyo haya huyajui vizuri. Nilikuwa nimeshajiandaa kupasuliwa. Nilikuwa nimeomba, nimetubu, nimewaaga watu kimoyomoyo mmoja mmoja, mpaka yule ng'ombe wetu wa baka jeupe. Wakanilaza kwenye kitanda kinachoingia katikati ya pete kubwa ya mashine ya picha. Akaja daktari, binti mdogo tu, nywele za kusuka zimechungulia kwenye kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayenipasua?"

"Hatupasui, mama. Tunapita na sindano moja hapa katikati ya mbavu, tunaangalia kwenye picha inaelekea wapi. Ikifika kwenye uvimbe tunawasha, ncha yake inapata moto, uvimbe unaungua pamoja na ukingo wake kidogo. Tunatoa sindano. Basi."

"Na mimi nafanya nini?"

"Wewe unashika pumzi nikikuambia. Ukipumua ini linapanda na kushuka. Nataka litulie sindano isikose njia."

Nikamwambia, binti yangu, kwa pumzi umefika. Mimi ni sauti ya kwanza kanisani.

Wakanipiga ganzi, wakanipa na dawa ya kunilegeza, nikawa nasikia mambo kama yako nyumba ya jirani. "Vuta pumzi, mama. Shika." Nikashika. Unaujua ule mwisho wa wimbo wetu wa Pasaka, ambapo mwalimu wa kwaya hashushi mkono, anatuangalia makusudi tukiwa tumetoa macho? Nilishika hivyo. "Pumua." Tena, "Vuta. Shika." Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Huyu mama ana mapafu ya punda." Nikataka kucheka, nikakumbuka kuna chuma kwenye ini langu. Ilipowashwa nilisikia joto zito ndani, sitakuficha, nikakunja vidole vya miguu. Lakini nilikuwa naongea na Mungu, na kabla sijamaliza yote niliyotaka kumwambia, wakasema tayari.

Tayari! Nikaangalia ubavu. Plasta. Plasta ya mtoto aliyeanguka akicheza mpira. Nikageuza shingo kutafuta bakuli la chuma la kuwekea kilichotolewa.

"Kiko wapi?"

"Nini, mama?"

"Hicho mlichokitoa."

"Hatujakitoa. Kimeungulia humohumo. Mwili utakisaga polepole, kitabaki kovu."

"Kwa hiyo bado ninacho?"

"Unacho, lakini kimekufa."

"Nani amekiona kikifa?"

"Mimi," akasema, akacheka vizuri tu, bila dharau, akanigusa bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa anangoja.

Baba yako alipoingia swali lake la kwanza likawa hilohilo. "Wamekitoa?" Nikamwambia wamekiacha. "Wamekiacha? Sasa sisi tumekuja kufanya nini?" Usimcheke. Mtu ameishi miaka yote kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Huku kwetu Katoro hakuna anayekuambia kuna mali kule chini ukampa mkono. Jiwe litoke shimoni, lisagwe, lioshwe, ling'ae kwenye karai, ndipo watu waanze kusalimiana vizuri.

Na mimi nimekulia Mhunze. Bibi yangu alipoumwa ubavu aliitwa mfumu, mganga wa kienyeji, na pembe yake. Akamchanja chale, akabandika pembe, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akatema kwenye jani kitu cheusi chenye nywele. Ukoo mzima tukasema aah! Bibi akaamka, akaagiza ugali. Ubavu ulirudi kumuuma kabla ya mavuno, lakini hilo hakuna aliyelisimulia. Lililosimuliwa ni lile jani. Mimi niliokoka nikiwa msichana, Minza, na mambo hayo nikayaacha. Ila jicho langu nadhani halikuokoka siku hiyohiyo. Lilichelewa.

Tuliporudi Katoro wakaja wa kwaya kunipa pole, na jirani yetu Mama Shija mbele yao, mdomo kama kawaida.

"Pole, Mama Minza. Kilikuwa na ukubwa gani?"

"Sikukiona."

"Hukukiona! Mwenzangu, hata kuku ukimpeleka kuchinjwa unaonyeshwa firigisi."

Wenzake wakacheka, mimi nikacheka nao, lakini firigisi ile ilinikaa. Siku chache baadaye bega la kulia likaanza kuuma na mwili ukawa na joto kidogo. Daktari alishaniambia huenda ikatokea siku za mwanzo, itapita. Mimi nilishaamua kwamba kitu kimehama. Hakikufa, kimepanda begani.

Ndipo siku ile tukapanda bodaboda mshikaki kwenda kwa mfumu, mimi katikati, Mama Shija nyuma, kitambaa nimekishusha mpaka kwenye nyusi mtu wa kanisani asinitambue. Hatujatoka hata nje ya mji, yule kijana wa bodaboda akageuka, "Mama Minza, leo ibada iko huku?"

Mfumu wa siku hizi unamkumbuka: kijana, simu mbili, kiti cha plastiki. "Mwadila mayu," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, kwa adabu. Nikafunua ubavu. Alipoona plasta akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria la moto.

"Hii ni ya hospitali."

"Ndiyo."

"Wameingia na nini?"

"Sindano ya moto."

"Mpaka wapi?"

"Kwenye ini."

"Mayu, funga kanga yako. Plasta ya hospitali mimi siibandui. Kesho likitokea jambo mtasema ni wembe wangu."

Mama Shija akaingilia: "Si uvute tu kidogo, atoe wasiwasi?"

"Mama, kuvuta kidogo ndiko kulikompeleka kaka yangu polisi."

Tuko katikati ya kubembelezana ndipo ukatokea wewe na sare yako, kijana wa bodaboda amekupigia simu. Uso umekuvimba kwa hasira, na bado ukamwamkia mfumu shikamoo. Nilijisikia vizuri pale, nikasema moyoni, huyu kwelikweli nimemlea. Kisha njiani ukanigeukia.

"Mama, umeniaibisha. Kutwa nzima nawapiga watu picha, halafu mama yangu mwenyewe anapelekwa kuvutwa na pembe!"

"Hiyo kazi yenu imenionyesha nini?"

"Kwani hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Sikuonyeshwa."

Ukageuka, ukatangulia kwenda nyumbani.  

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo nilipotaka kukufikisha. Kesho yake ulinichukua na ile sidii tuliyopewa Dar es Salaam, ukaiweka kwenye kompyuta ya kazini, ukavuta kiti, halafu ukafanya jambo dogo ambalo sitalisahau. Ukageuza kioo kinitazame mimi. Mpaka siku hiyo kila kioo nilichokutana nacho kilikuwa kinamtazama mtu mwingine. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wake na nyaya.

"Hapa ni kabla, mama. Dawa ya picha imeingia kwenye damu. Unaona hapa panapong'aa? Huo ndio uvimbe, unainywa."

"Naona."

"Hapa ni baada ya sindano. Dawa ni ileile. Uvimbe unainywa?"

Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Palipokuwa pamewaka palikuwa peusi tii, duara jeusi, na pembeni yake ini zima linaendelea na mambo yake.

"Haunywi," nikasema.

"Kinachoishi kinakunywa, mama. Hiki kimekufa."

Mimi nikapiga kofi mezani: "Kisiki!"

Ulishtuka. Nikakueleza habari za shamba la babu yako Mhunze, vile visiki vilivyokuwa vimeshika ardhi mpaka ukitaka kuving'oa unaharibu nusu ya shamba. Babu yako hakuving'oa. Alirundika kuni na samadi kavu, akaviunguza palepale, akalima kwa kuvizunguka. Kisiki kinakaa, kimekufa, kinaoza taratibu, mtama umekizunguka. Ila kila mvua za kwanza zikinyesha alikuwa anatutuma tukapige magoti tuangalie pale chini kama kuna chipukizi. Likionekana, anarudi na moto.

Ukaniangalia, ukasema, "Mama, hizo ndizo picha za marudio zenyewe."

Tukacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Na baba yako naye ulipomkalisha pale, unakumbuka alivyoinama? "Sasa mlijuaje mwamba ulipo bila kufukua?" Ukamweleza. Akatikisa kichwa, na tangu siku hiyo anawaambia wenzake shimoni kwamba binti yake anachimba bila kufukua. Siku hizi wanamwita Baba Sindano. Anajifanya kuudhika.

Nimefikiri sana kuhusu ile safari ya bodaboda. Watu wanadhani kosa langu lilikuwa kwenda kwa mfumu, na kanisani nimeshasemwa na nimeshaomba msamaha. Mimi naona kosa lilianza mapema zaidi, kwenye kile kitanda. Niliuliza swali zuri nikajibiwa upesi, na sikuelewa, na nikaona haya kuuliza mara ya pili mbele ya watu wenye makoti meupe. Niliyeshindwa kulirudia swali ni mimi, na badala ya kulirudisha kwa aliyelijibu nikalipandisha bodaboda. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, mwanangu. Shuleni niliitikia ehe, ehe, kama nilivyokuitikia wewe siku ile nikiona mvua. Ukiniuliza kwa nini niliishia darasa la saba, nitakutajia ada na ndugu wengi, na ni kweli, lakini na ile ehe ilikuwepo.

Yule binti daktari simlaumu. Namwombea kila siku kwa jina ambalo sikulishika, Mungu analijua. Alikuwa na watu wanangoja. Na wewe utakuwa na watu wanangoja. Utakuwa umechoka, umesimama na lile koti zito la kuzuia mionzi, na kitandani atakuwa amelala mama wa mtu kutoka Kahama au huko Ushirombo, amewaaga ng'ombe wake wote, atakuuliza kiko wapi mlichokitoa. Usimwone mshamba. Ni mimi huyo. Mgeuzie kioo.

Sasa nirudi kwenye ya jana.

Picha ya wiki ijayo inaniogopesha. Nisikufiche hilo, maana utaliona kesho usoni kwangu. Daktari alisema ini likishaugua hivi linaweza kuotesha kingine, au kilekile kikachipua ukingoni. Nikikaa mwenyewe nagusa ubavu bila kujua. Lakini safari ya Mwanza imeshapangwa. Mama Shija ananisindikiza. Tangu nilipomwonyesha ile picha nyeusi amekuwa mtaalamu kuliko wewe, na ameniapia kwamba hatutakaa kwenye kiti kabla kioo hakijageuzwa. Nawahurumia watu wa Mwanza. Wakikuta peusi, Bwana asifiwe. Wakikuta chipukizi, sindano ipo, na mapafu ya punda yapo.

Na wewe unasema, "Ikitoka vizuri ndiyo niende." Umeisikia hiyo sauti? Mimi nimeitambua palepale na ungo mkononi. Ni ya yule mwanamke mwenye plasta ubavuni, anatafuta bakuli: nionyesheni kwanza. Umeipata kwangu, Minza, pamoja na haya magoti. Mimi nilisaidiwa na mtu aliyekuwa na kioo cha kunigeuzia. Leo mimi sina. Picha haijapigwa. Hakuna cha kukuonyesha, si kwangu wala kwa baba yako wala kwa mtu yeyote, na basi linaondoka kesho.

Panda. Uende kwenye kazi iliyonirudisha nyumbani bila mshono. Nimemwomba Mungu mengi kwa ajili yako tangu hujazaliwa, lakini hili la wewe kusimama kwenye chumba kile sikuwahi kuliomba, kwa sababu sikujua kama lipo. Amelitoa tu. Ukiahirisha nitaona kama tumemrudishia.

Zipu imefunga, nimeisikia. Na wali unaungua, nauacha uungue, ukoko wake unaupenda.

Wabeja, asante, mwanangu. Wabeja kwa kunilaza siku ile na jeli yako ya baridi.

Kesho stendi usigeuke kuniangalia usoni. Nitakuwa nimeshika pumzi, na unajua ninavyoweza. Basi likishashika barabara ya Ushirombo, likapotea, nitapumua.

Mama yako.